Mwaka mgumu na ushonwe

Mwaka ukishamwelemea mtu, ushauri anaopewa karibu kila mahali ni mmoja: sahau, songa mbele. Aliyefiwa huambiwa apoe. Aliyeachishwa kazi huambiwa riziki haina mlango mmoja, na aliyetoka kwenye upasuaji huambiwa ashukuru kwamba yu hai. Maneno haya yana huruma, ila humtoa mhusika ndani ya habari yake mwenyewe. Hoja yangu inaelekea upande mwingine. Aliyeupita mwaka wa namna hiyo achukue muda ajitengenezee sura yake, na aitengeneze kwa vipande vya nguo za mwaka huohuo, akiviunga mpaka viwe mfarishi. Najua wapo watakaouita huo mchezo wa kupitisha jioni. Mimi nauhesabu kuwa ushahidi, na ushahidi wa mtu juu ya maisha yake ni jambo zito.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Faith Ringgold, msanii aliyezaliwa Harlem, New York, mwaka 1930. Alisomea sanaa, akajulikana kwanza kwa uchoraji. Mama yake, Willi Posey, alikuwa mshonaji na mbunifu wa mavazi; mwaka 1980 wawili hao walishirikiana kutengeneza mfarishi wenye nyuso za watu wa Harlem, na mwaka uliofuata mama akafariki. Binti hakuiweka sindano chini. Mwaka 1983 alitoa mfarishi wake wa kwanza wenye hadithi iliyoandikwa juu ya kitambaa, na mwaka 1986 akajigeukia mwenyewe kwa kazi aliyoiita Change, kuhusu kupungua kwake uzito kwa zaidi ya ratili 100, yaani kilo 45 na ushei. Alichapa kwenye kitambaa picha zake za tangu utotoni, akaandika pamoja nazo habari za maisha yake na chakula, mambo ambayo wengi hatuyasemi hata kwa ndugu. Kisha akairudia mada hiyohiyo mwaka 1988, na tena mwaka 1991. Hilo la kurudia ndilo ninaloliona kubwa kuliko yote. Sura aliyoishona mwaka 1986 haikumfunga. Ilimpa mahali pa kusimama akaweza kutazama mbele na nyuma.

Mtu atauliza: kwa nini kitambaa, na simu inapiga picha kwa kupepesa jicho? Kwa sababu nguo ilikuwepo. Imechakaa magotini, imepauka mabegani, ina doa ambalo halikutoka. Missouri Pettway wa Gee's Bend, Alabama, alifiwa na mumewe. Mwaka 1942 alichukua nguo za kazi za marehemu, nguo za shambani zilizopigwa jua na kufuliwa mara zisizohesabika, akazishona mfarishi wa kujifunika, binti yake akimsaidia. Hakuna uso wala jina juu yake, mistari na mapande ya rangi zilizofifia tu. Wengi huutaja kuwa kumbukumbu ya mume, nami sipingi, lakini nauona pia kuwa picha ya mjane: anaonekana katika kila alichoamua kukitunza na kila alichokikata. Kazi yenyewe hulazimisha maamuzi hayo. Kipande kipi kikae katikati? Kipi kisukumwe ukingoni? Anayeshona kwa mkono hukaa na kila kipande kwa muda mrefu, akipiga bandi, akifumua, akianza tena, na katika muda huo huona mambo ambayo mwaka wenyewe, kwa mbio zake, haukumpa nafasi ya kuyaona.

Na sisi tumejaliwa mali ghafi kuliko wengi, kwa kuwa nguo zetu zina tarehe. Fungua sanduku la mama yeyote wa Tanga, Mombasa au Morogoro, utakuta sare ya harusi ya binamu, fulana ya kampeni ya uchaguzi uliopita, kanga iliyofungwa kiunoni siku ya msiba, kitenge alichojifungia mtoto mgongoni kwenda kliniki. Kanga ina faida ya ziada: ukikata kwenye mji wake unapata jina, na jina ni usemi ulioiva. Mwanamke aliyenunua doti kwa ajili ya usemi wake alikwisha kusema jambo kabla hajashika mkasi.

Pingamizi la kwanza ni aibu. Kwetu viraka ni alama ya dhiki, na mzazi hapendi mtoto wake aonekane navyo. Basi tuwatazame Wasiddi wa Karnataka, India, uzao wa Waafrika waliopelekwa huko zamani, wengi wao utumwani, baadhi wakitokea upande wetu wa Afrika Mashariki. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo zilizochakaa. Huanza ukingoni, huzunguka wakielekea katikati, na pembeni huweka vipande vilivyokunjwa wanavyoviita maua. Bila maua hayo mfarishi huonwa kuwa uko uchi. Kitu kinachochukuliwa kuwa uchi kikikosa pambo lake hakiwezi kuwa cha aibu.

Wasiddi hao wananisaidia pia katika pingamizi zito zaidi la mwambao, la Waislamu wanaojizuia kuchora viumbe hai. Miongoni mwa Wasiddi wamo Waislamu, Wakristo na Wahindu, na katika mifarishi yao utaona hilali kwa Waislamu na msalaba kwa Wakristo. Sura ya mtu haihitaji pua na macho. Pettway alijieleza kwa mistari, na atakayechagua rangi, nakshi na jina la kanga peke yake atakuwa amejieleza vilevile.

Kuna wanaosema kuwa kuyaanika ya ndani ni kukosa stara. Nalichukulia hili kwa uzito, maana kusitiriana ni adabu iliyowalinda wengi. Lakini mfarishi una tabaka tatu: uso wa juu, pamba katikati, bitana chini. Kisichofaa kuonwa na wageni hushonwa upande wa bitana, na mwenye mfarishi anakijua. Wengine wataniuliza kama sindano inaponya. Sidai hivyo. Mwenye sonona anahitaji daktari, na sitaki mtu apewe uzi badala ya tiba. Tena kama mwaka wenyewe haujaisha, kama kodi haijalipwa na watoto hawajala, hii si kazi ya kumtwika mtu. Ila likitulia wimbi, gharama yake ni ndogo: vipande vya bure chini ya cherehani ya fundi wa mtaani, sindano, uzi.

Linalobaki linahusu makumbusho yetu, ambayo yamehifadhi vizuri viti vya watawala na milango ya nakshi. Yapokee na hii mifarishi, na yajifunze kwa Harriet Powers, aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Mfarishi wake wa visa vya Biblia alikataa kuuuza mara ya kwanza. Mwaka 1891 dhiki ikamlazimisha, akataka dola 10, akapewa 5. Leo uko katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington. Mnunuzi alimpunja bei, lakini alifanya jambo moja la maana: alimsikiliza Powers akieleza kila pande la mfarishi ule, akayaandika maelezo yake. Mtunza makumbusho atakayepokea mfarishi wa mwanamke wa Pemba au Kigoma ampe bei ya haki, kisha aketi naye na daftari, kipande kwa kipande.