Tunatangaziwa Terabaiti, Tunakabidhiwa Theluthi

Jamani, sisi watumiaji wa kawaida wa Hadoop tumechoka. Kila wiki barua pepe ni ile ile: nafasi imejaa, futeni mafaili yenu. Tunafuta. Kesho yake inakuja nyingine, kali zaidi.

Tuanze na mgawo. Msimamizi anaandika amri moja, hdfs dfsadmin -setSpaceQuota 1t, kisha idara inatangaziwa kwamba imepata terabaiti nzima. Tukifika kama gigabaiti 341, mlango unafungwa. Kulikoni? HDFS, yaani mfumo wa mafaili wa Hadoop, kwa kawaida huweka nakala 3 za kila kipande cha faili, na mgawo huhesabu nakala zote. Nakala hatuzipingi, maana seva ikifa usiku ndizo zinazotuokoa. Tunachopinga ni kutajiwa nzima na kupewa theluthi.

Si hilo tu. Una salio la megabaiti 300, unapandisha kijifaili cha megabaiti 1, unakataliwa! Mfumo hauanzi kuandika mpaka uone nafasi ya kipande kizima, yaani megabaiti 128 mara 3, ambazo ni 384. Mtumishi mgeni akiona mistari ya Java inamiminika kwenye skrini, katikati yake DSQuotaExceededException, anadhani ameua mashine.

Kufuta nako kuna mambo yake. Pipa la taka likiwa limewashwa, hdfs dfs -rm inahamisha faili tu, inalipeleka kwenye .Trash ndani ya saraka yako mwenyewe, na huko linaendelea kula mgawo wako mpaka muda aliouweka msimamizi uishe. Ukiongeza -skipTrash linafutika papo hapo, ila ukikosea njia ya saraka, imekula kwako.

Tukiuliza tunaambiwa tusome nyaraka. Haya, tumesoma. Humo tumekuta kwamba tangu Hadoop 3, iliyotoka mwaka 2017, mafaili ya zamani yanaweza kulindwa kwa vipande vya ziada vinavyokokotolewa kutokana na data yenyewe. Kwa mpango wa vipande 6 na vya akiba 3, ulinzi unaongeza nusu ya ukubwa wa faili, wakati nakala 3 zinaongeza mara mbili. Mbona hilo halijawahi kuandikwa kwenye barua zenu?

Wakubwa, diski mpya hatuombi. Tutajieni mgawo baada ya kutoa nakala, tuambieni taka zinakaa muda gani, na mafaili ya zamani yahamishieni kwenye mpango huo kama seva zinatosha. Nawe mwenzetu, kabla hujafuta kazi yako kwa hofu, andika hdfs dfs -count -q -h ukifuatisha jina la saraka yako. Safu ya nne ndiyo salio la nafasi. Igawe kwa 3.