Tairi la Pikapu Si Deni la Dereva

Ndugu zetu madereva na mataniboi,

Twaandika juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni tairi. Kila mara mvua za Machi zikaribiapo, mabishano ya tairi huanza upya katika nyua za magari za Kariobangi, Gikomba na Industrial Area. Tajiri ataka lililo rahisi. Mwenye duka asifu lile alilo nalo. Dereva, ambaye ndiye atakayelala njiani, haulizwi. Kisha tairi likipasuka, ndiye aambiwaye alipe. Sisi twasema kwamba mtu asiyepewa nafasi ya kuchagua hafai kubebeshwa deni.

Lakini dereva naye akiulizwa ni lazima awe na jibu. Basi tuanze hapo.

Matairi ya pikapu ni ya namna tatu. La kwanza ni la lami. Meno yake yamekaribiana, hukimbia bila kelele, wala halimalizi mafuta upesi. La pili ni la matope. Meno yake ni makubwa na yameachana sana, lakini kwenye lami hunguruma na huisha mapema. La tatu liko katikati, nalo ni la njia zote. Mengi yameandikwa A/T ubavuni. Nafasi kati ya meno yake yatosha kutema matope, na kwa kawaida ubavu wake wavumilia mawe zaidi. Lakini faida hiyo yalipiwa: tairi hilo ni zito, lala mafuta zaidi kidogo, na mara nyingi lami ikilowa halishiki sawa na lile la lami.

Lipi lafaa? Jibu haliko dukani, liko katika safari za gari lenyewe. Pikapu ipelekayo mikate Buruburu, Jericho na Umoja, ikashinda kwenye Barabara ya Jogoo, yatoshwa na tairi jema la lami. Kuivisha tairi la njia zote kwa ajili ya sura ni kutupa fedha ambazo zingeongezwa mshaharani. Lakini pikapu ipelekayo saruji na mabati Njiru, Ruai na vichochoro vya Kayole yaingia katika udongo mweusi. Udongo huo ukilowa hunata kama ugali mbichi na kujaza meno ya tairi la lami mpaka liwe kama kipara. Huko tairi la njia zote si anasa, ni chombo cha kazi kama koleo la mchimbaji.

Hata hivyo tusidanganyane. Pikapu nyingi huvutwa na magurudumu mawili ya nyuma tu, na hakuna tairi liwezalo kuzigeuza zivutwe na yote manne. Na kama fedha zatosha matairi mawili mapya tu, yawekwe nyuma, mahali penye mzigo na penye nguvu ya kusukuma.

Jambo kubwa kuliko meno ni uzito. Ubavuni, baada ya kipimo cha tairi, iko namba ya mzigo. Namba 106 maana yake tairi moja labeba kilo 950. Namba 91, ambayo huonekana kwenye magari madogo, ni kilo 615. Fanyeni hesabu: matairi mawili ya nyuma ya namba 106 yabeba kilo 1,900, na ya namba 91 yabeba kilo 1,230. Katika hizo toeni uzito wa gari lenyewe upande wa nyuma, ndipo mjue ni mifuko mingapi ya saruji iliyobaki. Tajiri anayetia tairi la gari dogo kwa sababu rimu zalingana, kisha akapakia tani nzima, amelipasua tairi hilo kabla dereva hajawasha gari.

Tena tazameni umri. Baada ya herufi DOT hufuata alama kadhaa, na mwishoni namba nne. Zikiwa 3523, tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2023. Kiwanda cha Firestone cha Nairobi, ambacho baadaye kiliitwa Sameer Africa, kiliacha kutengeneza matairi mwaka 2016. Kwa hivyo tairi linaloitwa jipya huenda limesafiri baharini na kukaa ghalani muda mrefu. Rangi nyeusi ya kung'aa haiondoi miaka. Na ndani ya mifereji ya tairi vimo vituta vidogo. Meno yakiwa sawa navyo, yaani milimita 1.6, tairi limekwisha. Kazi yake iliyobaki ni kukatwa akala Gikomba.

Sasa twarudi kwenye deni. Tumesikia mara nyingi juu ya dereva aliyekatwa mshahara kwa tairi lililopasuka. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanya kazi. Neno ni makusudi. Mzigo kupita kiasi, tairi zee, tairi lisilofaa njia, hayo si makusudi ya dereva. Nayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo yamtaka mwajiri atunze vyombo vya kazi visiwe na hatari.

Matajiri hujibu kwamba tairi ni ghali na madereva wengine huendesha ovyo. Ni kweli, wako. Dereva anayeona tairi limepungua upepo akalikimbiza na mzigo juu alipasha moto mpaka lipasuke, na huyo hatumtetei. Ndiyo sababu twataka mambo matatu yaingizwe katika mapatano yetu na waajiri. Kwanza, dereva wa gari aulizwe kabla tairi halijanunuliwa. Pili, kila gari liwe na daftari la tairi: namba ya mzigo, wiki na mwaka, siku lilipofungwa, na upepo uliopimwa asubuhi kabla ya safari, tairi likiwa bado baridi. Tatu, mshahara usiguswe mpaka daftari lisomwe mbele ya mjumbe wa chama.

Daftari hilo litamlinda dereva mwema na kumfichua mzembe, nalo litamfichua pia tajiri anayenunua vipara. Mwajiri wa haki hana sababu ya kuliogopa.

Ndugu, msingoje mapatano hayo. Kesho asubuhi kabla hamjapakia, inameni msome matairi yenu, yote manne na lile la akiba. Andikeni namba hizo katika karatasi mbili, moja mpeni msimamizi, ya pili mleteeni mjumbe wetu. Tairi likipasuka siku ya mvua huko Ruai, karatasi hiyo ndiyo itakayosema kwa niaba yenu.