Vibao vya barabara ya Matema viseme nini?

Ukitoka Kikusya kupitia Ipinda hadi Matema, vibao havikosekani: cha shule, cha mradi wa maji, cha nyumba ya wageni, na cha parokia chenye saa za Misa. Kinachokosekana ni kibao cha kumweleza msafiri kilichotokea hapo anapopita. Tunaambiwa utalii wa Matema utakua. Vibao vya historia basi vitakuja, na hofu yetu ni juu ya nani atakayeviandika.

Tazama majina. Mbele ya Matema kuna milima inayoitwa Livingstone kwenye ramani, jina la mtu ambaye hakufika upande huu wa kaskazini wa ziwa. Chini yake ufukoni Wajerumani walijenga boma la Langenburg, na mwaka 1893 wakashusha majini meli yao Hermann von Wissmann. Baadaye wakahamia Tukuyu, wakaibeba na Langenburg yao, wakaiita Mpya. Mambo haya yameandikwa vitabuni, kwa hiyo ni rahisi kuyaweka kwenye kibao. Majina ya waliobeba vyuma vya meli ile ndiyo magumu kuyapata, na ndiyo tungependa yatafutwe kwanza, wakati bado kuna wazee wenye simulizi za babu zao.

Sheria nayo haitusaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda yenyewe majengo ya kabla ya mwaka 1863. La baadaye halilindwi mpaka litangazwe rasmi. Wamisionari wa kwanza, Wamoravian na wale wa Berlin, walifika Unyakyusa mwaka 1891. Maana yake ni kwamba makanisa yao ya kale yote, na makaburi yaliyoyazunguka, yako upande usiofaa wa tarehe hiyo. Kamati ya ujenzi ikiamua Jumapili moja kubomoa ukuta wa zamani, Jumatatu fundi anaanza kazi.

Kuna atakayeuliza seminari ya Kikatoliki inatafuta nini kwenye makaburi ya Wamoravian wa Ipyana na Walutheri wa Matema. Sisi Wakatoliki tulifika baadaye. Tulikuta watu wamekwisha kusikia jina la Yesu kwa lugha yao, na tulikuta neno la kumwitia Mungu liko tayari: Kyala. Frateri anayetumwa Kyela kwa mwaka wa kichungaji hulisikia jina hilo kila siku. Ni wachache wanaomwambia kwamba Kyala wa zamani alikuwa mmoja wa mashujaa wa kale, pamoja na Lwembe na Kyungu, na kwamba alitambikiwa kando ya ziwa hili hili. Monica Wilson, aliyeishi Unyakyusa na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliyaandika hayo kwa urefu. Je, kibao kiseme hivyo? Wapo mapadre na wachungaji watakaoona ni kuwarudisha waamini kwenye matambiko. Sisi tunaona kinyume chake. Mkristo anayejua jina hilo lilitoka wapi na lilibatizwaje anaijua imani yake vizuri zaidi kuliko anayedhani lilishuka na Biblia.

Kibao kingine tungekiweka Kasumulu, mpakani. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 uliufanya mto Songwe kuwa mpaka, ukawaacha Wangonde ng'ambo na Wanyakyusa huku, ndugu wanaosikilizana lugha na kuzikana mpaka leo. Mto wenyewe haukuusoma mkataba. Mafuriko huuhamisha, na mwenye shamba hujikuta nchi nyingine. Tarehe 9 Septemba 1914 jeshi la Wajerumani lililovuka Songwe lilipigana na la Waingereza Karonga, Waafrika wakiuana pande zote mbili kwa ugomvi wa Ulaya. Karonga leo wana makumbusho yao, ambayo watoto wa shule hutembelea. Watoto wa Kyela wanaisoma vita hiyo, wakibahatika, katika aya moja ya kitabu.

Halmashauri ina mambo mengi, na hatuwezi kuisubiri kwa kila kitu. Parokia na vigango vinaweza kuanza na viwanja vyao wenyewe: nani alitoa ardhi, katekista wa kwanza alikuwa nani, nani alifyatua matofali. Tuwaombe Wamoravian na Walutheri tuandike kwa pamoja, Kinyakyusa na Kiswahili, na Kikisi kule Ikombe na Lyulilo kwa akina mama wafinyanzi ambao vyungu vyao vimevuka ziwa hili kwa mitumbwi miaka mingi. Maneno yasomwe kwanza mbele ya wazee, wayasahihishe, ndipo fundi aitwe. Na kibao kiwe cha zege, maana mvua za Kyela tunazijua.