Permi ya lori: herufi C haina maana moja katika kila inchi

Goma, Butembo ao Lubumbashi, tajiri wa lori anapotafuta dereva, mara nyingi anauliza tu: uko na permi? Ni wachache wanaosoma herufi iliyoandikwa ndani. Hilo ni kosa, na wanaolilipa ni watu wa barabarani.

Permi ya Congo inafuata mpango wa mkataba wa Vienna wa mwaka 1968. B ni ya gari ndogo, isiyopita kilo 3,500 wala viti 8 bila kuhesabu dereva. C ni ya gari la mizigo linalopita uzito huo. D ni ya basi. E inaongezwa kwa anayevuta remoriki nzito, yenye kupita kilo 750. Kwa hiyo mwenye C peke yake hana ruhusa ya kuvuta remoriki kubwa, hata kama ameendesha lori miaka 20.

Ukivuka mpaka, herufi zinabadilika. Uganda, ng'ambo ya Kasindi, lori la katikati ni CM na lori kubwa ni CH. Kenya inaandika CE kwa lori kubwa lenye remoriki. Tanzania, ambako mizigo mingi ya mashariki mwa Congo inashukia kwenye bandari ya Dar es Salaam, C ni ya kubeba abiria. Polisi ao tajiri anayesoma permi hizo kwa macho ya Congo anaweza kumpa basi mtu wa lori, na lori mtu wa basi.

Tena, Congo, Rwanda na Burundi magari yanapita kuume. Tanzania, Uganda, Kenya na Zambia yanapita kushoto. Dereva anayevuka Kasumbalesa anabadilisha upande akiwa na tani nyingi nyuma yake, na hakuna herufi inayoonyesha kama amejifunza hilo.

Wengine watasema shida ya kweli ni mashimo, magari ya zamani na permi za kununua. Ni kweli. Lakini permi ya kununua inapata soko kwa sababu hakuna anayeisoma. Siku ya ajali, bima inaweza kukataa kulipa, tajiri anajificha, na dereva anabaki peke yake mbele ya familia za marehemu.

Congo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na iko pia katika SADC. Serikali ziweke kwenye kila mpaka orodha moja ya herufi, kwa Kiswahili, Kifaransa na Kiingereza. Matajiri nao wasingoje serikali: wasome herufi, kisha wampime dereva barabarani, kabla ya kumpa ufunguo.