Bosi wa NSSF akibadilishwa, michango ya mfanyakazi wa kambini inaguswa?

Mpishi, askari wa lango na mwongoza wageni wa kambi za utalii hapa Ololosokwan wana jambo moja linalowaunganisha na Dar es Salaam: kila mwezi sehemu ya mshahara wao inakwenda NSSF. Mwalimu na muuguzi wa serikali wako PSSSF, mfuko uliozaliwa mwaka 2018 baada ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuunganishwa. Kwa hiyo redio inapotangaza kwamba Rais ameteua mkurugenzi mkuu mpya wa mfuko, swali la msikilizaji ni la haki: na fedha zangu je?

Tuangalie yaliyokwisha kutokea. Mwaka 2016 Dkt. Ramadhani Dau, aliyeiongoza NSSF kwa miaka mingi, aliteuliwa kuwa balozi na nafasi yake akapewa Profesa Godius Kahyarara. Mwaka 2018 akaja William Erio kutoka PPF. Mwaka 2021 akaingia Masha Mshomba, aliyekuwa akiongoza Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mabadiliko matatu ndani ya takriban miaka mitano, katika taasisi ambayo mwanachama anatakiwa kuchangia miezi 180 ndipo apate pensheni ya uzee.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo penye shida. Uwekezaji wa mfuko huchukua muda mrefu kuliko kiti cha bosi. Daraja la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, lilijengwa wakati wa Dau, NSSF ikitoa asilimia 60 ya gharama, lakini lilizinduliwa Aprili 2016 yeye akiwa ameshaondoka. Daraja lilikamilika na magari yanapita. Mradi wa nyumba za Dege, huko huko Kigamboni, ulisimama mwaka huo huo, na majengo yakabaki magofu mapya. Aliyeamua hakuwepo kujibu, na aliyekuwepo hakuwa ameamua.

Hata hivyo, mkurugenzi hawi peke yake. Kuna bodi ya wadhamini, kuna miongozo ya Benki Kuu inayoweka ukomo wa fedha zinazoweza kuingia katika hati fungani, majengo au hisa, na kuna Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Mwenye boma anapobadilisha mchungaji husimama langoni jioni na kuwatazama ng'ombe wakiingia mmoja mmoja. Anawajua kwa rangi. Mkaguzi hufanya kazi hiyo, ila kwa vitabu, na ripoti yake huja baadaye sana.

Jambo jingine linalochanganya watu: pensheni ya NSSF hukokotolewa kwa mshahara na muda wa kuchangia. Uwekezaji ukiharibika leo, hesabu yako haipungui kesho. Mzigo unaulemea mfuko mzima, na unaweza kurudi baadaye kama kanuni mpya. Hilo ni tofauti na mifuko ya UTT AMIS kama Umoja, ambako bei ya kipande hupanda na kushuka, na mwanachama huiona. Kikokotoo nacho hakipangwi na mkurugenzi. Kilizua kelele mwaka 2018 hadi Rais Magufuli akakisitisha, kikarudi kwa sura nyingine mwaka 2022.

Kwa mfanyakazi wa kambini, hatari iliyo karibu zaidi ipo kwa mwajiri wake. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya nusu ya hiyo. Makato yanaweza kuonekana kwenye karatasi ya mshahara na yasifike mfukoni. Tunashauri uombe taarifa ya michango yako na uilinganishe na karatasi hizo mwezi kwa mwezi, hasa miezi ya mwaka 2020 kambi zilipofungwa kwa sababu ya korona. Mwezi usioonekana uulize sasa, ukiwa bado kazini na mwajiri angali hapa.