Kwanza Nanga, Ndipo Winchi

Masika yageuzapo udongo mweusi kuwa ulimbo, gari likikwama hatukosi mikono ya kusaidia. Tukosacho ni subira. Kwangu mimi, ni kosa kubwa kuwasha winchi kabla ya kuihakikisha nanga. Mti uwe hai, wenye shina nene, nao uzungushiwe mkanda mpana karibu na ardhi, kwani waya mtupu huchuna gome. Pasipo mti, tairi la akiba lifukiwe shimoni. Blanketi zito litandikwe juu ya waya, na watu wote, hasa watoto, wasimame mbali kupita urefu wake. Dereva asione haya kuwaondoa watazamaji. Gari laweza kulala matopeni hadi kesho. Aliyepigwa na waya uliokatika huenda asiione.