Mgeni Apewe Jembe

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba aliyepokewa vema huingia katika kazi za nyumba, na kazi hizo hupangwa na mwenye nyumba. Usemi huu wafaa kukumbukwa na viongozi wetu kila vinapofika nchini vikundi vya vijana waliotumwa na makanisa ya ng'ambo kujitolea kwa majuma mawili au matatu: kujenga madarasa, kufundisha watoto na kuhudumia wagonjwa.

Hatuibezi nia yao. Mwenye kutoa jasho lake kwa ajili ya mtu asiyemjua anastahili shukrani, awe wa dini yoyote. Lakini nia peke yake haijengi shule wala haiponyi mgonjwa. Hapana budi tuulize: ni nani anayempangia kazi mgeni huyu, na ni nani atakayewajibika kazi ikiharibika?

Tuitazame Mbagala. Kando ya Barabara ya Kilwa, mafundi waashi na vibarua hawaadimiki. Kinachoadimika ni fedha za kuwalipa. Kijana anayesafiri kwa ndege kuja kubeba matofali ametumia nauli ambayo ingewapa mafundi kadhaa ujira wa siku nyingi. Tena, ni Mbagala hiyo hiyo ambako mwezi Oktoba 2012 makanisa yalishambuliwa na kuchomwa moto, kufuatia ugomvi wa watoto wawili juu ya msahafu. Mahali palipopata jeraha kama hilo, msaada hauna budi kutolewa hadharani, kwa Mwislamu na Mkristo sawasawa, pasipo sharti la imani.

Yapo mambo mazito kuliko matofali. Huko Jinja, Uganda, akina mama wawili waliofiwa na watoto wao walifungua shauri mwaka 2019 dhidi ya kituo cha utume kilichoanzishwa na Mmarekani asiye na mafunzo ya uganga. Shauri hilo lilimalizwa kwa mapatano mwaka 2020, pasipo upande ulioshtakiwa kukiri kosa. Mapatano hayarudishi mtoto kaburini. Mzazi maskini haulizi cheti cha anayemtibia mwanawe. Kazi ya kuuliza ni ya Serikali.

Ndugu zetu wa Visiwani wanayo mifano ya kupimia. Edward Steere alifika Unguja mwaka 1864 kwa kazi ya misheni. Lolote mtu aonalo juu ya misheni yake, yeye alikaa kwanza kama mwanafunzi wa wenyeji, na mwaka 1870 akatoa kitabu cha kufundishia Kiswahili. Madaktari wa Kichina nao, ambao walianza kuja Zanzibar mwaka 1964, wamefanya kazi zao ndani ya hospitali za Serikali, Unguja na Pemba. Hawa walijulikana walipo, wafanyalo na mkubwa wao.

Sheria haikumsahau mgeni wa kujitolea: kibali cha ukaazi cha daraja C huwahusu wamisionari na watu wa namna yake. Linalotakiwa ni usimamizi. Kazi itajwe na serikali ya mtaa kabla mgeni hajapanda ndege. Atakayegusa mgonjwa awe amesajiliwa na baraza la madaktari linalohusika. Mwenye ujuzi tusiokuwa nao apewe mwananchi wa kujifunza kwake, ili akiondoka ujuzi ubaki. Na watoto wetu wasigeuzwe picha za kuombea michango.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufundisha kujitegemea, wala halikutukataza kuwa na marafiki. Basi viongozi wa mitaa wasione haya kumwambia rafiki kazi gani inahitajika na ipi haihitajiki. Mgeni mwenye nia safi hatachukia kuelekezwa. Na atakayechukia, afadhali ajulikane mapema.